Kila Parsele Imeze Mvua Yake: Barua ya Wazi kwa Mashefu wa Avenyu na wa Nyumba Kumi wa Goma

Kwenu mashefu wa avenyu na wa nyumba kumi wa komini ya Goma na komini ya Karisimbi, pamoja na wenzenu wa Munigi na vijiji vya Bukumu vilivyo juu yetu,



Kiangazi bado hakijaisha. Vumbi jeusi limejaa juu ya mabati, mifereji imekauka, na watoto wanacheza mpira ndani ya kanivo za barabara ambazo miezi michache ijayo hakuna mzazi atakayethubutu kuwaacha wazikaribie. Nimeona huu ndio wakati wa kuwaandikia. Mvua za Septemba zikishaanza kugonga bati, hakuna atakayekuwa na nafasi ya kusoma barua. Kila mtu atakuwa anapandisha godoro juu ya meza na kutafuta pa kuwalaza watoto.

Mtauliza kwa nini naandika kwenu, nisiipeleke barua hii kwenye ofisi kubwa. Mji huu umeona watawala wengi. RCD walitushika tangu 1998. M23 waliingia Novemba 2012, wakakaa siku chache, wakatoka. Mei 2021 tukawekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mwishoni mwa Januari 2025 M23 wakaingia tena. Kila mara bendera na mihuri vilipobadilika, waliokuwa wameahidi kuchimba mfereji fulani waliondoka na ahadi zao. Avenyu ilibaki avenyu. Mtu aliyeamshwa usiku na maji yaliyopita chini ya mlango hakumpigia gavana simu. Alimgongea shefu wake. Hata ninyi mlioteuliwa juzi baada ya wengine kuondolewa, kazi mliyoikuta ni ileile: kusuluhisha majirani, kushuhudia mauzo ya parsele, kuwatoa watu kwenda salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Ninachowaomba kinapita katika kazi hizo tatu ambazo tayari mnazifanya.

Goma haina mto. Bukavu ina Ruzizi, Uvira ina Mulongwe, wenzetu wa Gisenyi wana Sebeya. Kwa hiyo wengi wetu tumezoea kuyaona mafuriko kuwa msiba wa watu wengine. Aprili 2020 tulisikia Mulongwe imeingia Uvira na kubomoa nyumba. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua ziliua watu zaidi ya 130 upande wa Rwanda, Sebeya ikafagia sehemu za Rubavu. Tarehe 4 Mei, siku moja tu baadaye, maji na mawe yaliteremka kutoka milima ya Kalehe yakafunika Bushushu na Nyamukubi. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi. Waliozikwa walizidi 400, na wengi hawakuonekana tena. Hapa Goma tulilia nao, kwa sababu vyakula vyetu na ndugu zetu hupita njia ile ya ziwa. Lakini tulilia kama watu walio mahali salama.

Mafuriko ya kwetu hutengenezwa papa hapa, paa kwa paa, ndiyo maana hatuyapi jina. Hayaui mamia kwa jioni moja. Yanakula mji polepole: ukuta huu mwaka huu, duka lile mwaka ujao, mtoto mmoja anayeteleza kwenye mfereji, nyumba kumi zinazougua tumbo wiki moja baada ya mvua.

Wazee wanakumbuka kwamba zamani mvua ilikuwa haikai juu ya ardhi hii. Tumejengwa juu ya makoro, mawe ya moto uliopoa wa Nyiragongo, na mawe hayo yana nyufa, matundu na mapango. Mvua ikianguka iliingia, ikapotea, na baadaye ikatokea ziwani bila mtu kuiona njiani. Ndiyo sababu mji wenye mvua ya kama milimita 1,200 kwa mwaka haukuwahi kuwa na kijito hata kimoja. Mlima ulipotapika tarehe 17 Januari 2002, moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na makao ya maelfu ya watu. Tulirudi tukajenga juu ya jiwe lililokuwa bado na joto. Hilo jiwe jipya nalo lilikuwa na kiu. Lakini mji uliokuwa na watu laki kadhaa leo umepita milioni, na kila mtu aliyekuja alileta bati lake. Palipokuwa na makoro wazi pamekuwa na paa, ua wa saruji, barabara ya lami, kituo cha mafuta, kanisa, hoteli. Jiwe halijapoteza kiu yake. Tumelifunika mdomo.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu bila hesabu jambo hili huonekana dogo. Chukueni nyumba ya kawaida yenye bati la mita za mraba 50. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua nzito ya saa moja, ikitoa milimita 30, inamwaga lita 1,500 kutoka kwenye paa hilo moja: bidoni 75 za lita 20. Avenyu yenye parsele 60 za namna hiyo inatoa lita 90,000, sawa na malori tisa ya maji ya lita 10,000 yaliyofunguliwa kwa pamoja kwenye njia moja ya mteremko. Na hapo sijahesabu nyua zilizosakafiwa wala barabara yenyewe.

Maji hayo yanakwenda wapi? Kila mwenye uwezo amejifunza namna moja ya kujiokoa. Anajaza parsele yake kifusi mpaka iwe juu kuliko njia, anajenga ukuta, kisha anatoboa tundu chini ya ukuta na kupitisha bomba linalotazama nje. Kwake pamekauka. Jirani wa chini, aliyekuwa akipokea maji ya paa moja, sasa anapokea ya mapaa mawili. Naye akipata pesa anafanya vilevile. Maji yanasukumwa ukuta hadi ukuta, mpaka yafike kwa yule asiyeweza kujaza kitu: mpangaji wa nyumba ya mbao, mama mjane, familia iliyokimbia vita Masisi au Rutshuru ikapanga chumba kimoja mahali pa bei nafuu, na ni pa bei nafuu kwa sababu panajaa maji.

Nawaomba mwingie katika nyumba kama hiyo asubuhi baada ya mvua, msiishie mlangoni. Nyumba zetu nyingi ni za mbao zilizosimamishwa juu ya msingi mfupi wa makoro. Tazameni ubao wa chini kabisa. Umekuwa mweusi, umevimba, misumari imeshika kutu, na ukiubonyeza kwa kidole unaingia. Juu yake kuna mistari ya matope, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja ukionyesha maji ya siku fulani yalifika wapi. Mwenyeji hung'oa ubao huo mmoja na kupigilia mwingine, kwa sababu hana pesa ya kuinua nyumba yote. Miguu ya kitanda imewekwa juu ya matofali. Unga umefungwa kwenye mfuko ukatundikwa darini, pamoja na daftari za watoto. Mtu anayeishi hivyo hakupatwa na ajali. Ameyazoea maji ya wenzake, na amejipanga kuyapokea kila wiki kwa miezi mitatu, kisha tena kuanzia mwisho wa Februari hadi Mei.

Nanyi mnajua kilichomo ndani ya maji hayo. Ardhi yetu ni ngumu kuchimba, vyoo vingi ni vifupi na hujaa upesi. Mvua ikifurika vinamwagika, na wako wanaongoja mvua usiku ili wavifungue wenyewe, mvua ibebe. Uchafu ule unapita mbele ya milango, unaingia katika nyufa za makoro, unamalizikia ziwani. Alfajiri watu wako Kituku wakichota bidoni kutoka ziwa hilohilo, na wale vijana wanaotia klorini katika bidoni wakiwa hawajafika, maji yanakwenda nyumbani yalivyo. Mji huu unajua kipindupindu ni nini. Julai 1994, wakimbizi walipoingia kutoka Rwanda kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, kiasi cha watu 50,000 walikufa kwa muda wa kama mwezi mmoja, na jiwe lilikuwa gumu hata makaburi hayakuchimbika. Tangu hapo ugonjwa huo haujatuacha kabisa. Kwa hiyo maji ya bati ninayoyazungumzia si habari ya viatu kuchafuka.

Ombi langu ni hili: kila parsele imeze mvua yake. Yasiyoweza kumezwa na parsele yamezwe na avenyu. Yanayobaki, ambayo yatakuwa machache, ndiyo yaingie katika mfereji wa barabara.

Ninyi mnaweza kulianzisha bila pesa ya mtu yeyote, kwa swali moja. Mnapoitwa kushuhudia mauzo ya parsele, mnapomwona mtu ameanza kuchimba msingi au kuinua ukuta, ulizeni mbele ya mashahidi: maji ya bati lako yataingia wapi? Mtu akijibu "njiani," mwambieni njia si yake. Akiwa tayari amepitisha bomba chini ya ukuta, aitwe pamoja na jirani wa chini, wakae, shauri likatwe kama mnavyokata shauri la mpaka. Nimeona mashefu wakisuluhisha ugomvi wa mti ulioangusha majani kwenye ua wa mtu. Lita 1,500 kwa saa ni ugomvi mkubwa kuliko majani.

Na wajibu wanaopewa watu uwe unaowezekana. Shimo la kumezea maji linajulikana hapa Goma. Mafundi wanalichimba kwa mtaimbo na nyundo, kazi ya jasho kwa sababu gamba la juu la makoro ni gumu kweli. Lakini ukishalivunja, mara nyingi unakuta chini yake mawe yaliyovunjikavunjika na matundu, na maji ukimwaga pale yanapotea mbele ya macho. Shimo la mita moja na nusu kwa moja na nusu, kwenda chini mita mbili, likijazwa mawe makubwa bila udongo, lina nafasi ya kama lita 1,500 kati ya mawe, hata kabla jiwe lenyewe halijaanza kunywa. Yaani mvua nzima ya saa moja ya ile nyumba yetu ya mita 50. Pakiwa pembamba, majirani wawili wanaweza kuchimba moja mpakani na kuandikiana.

Shimo hilo linaharibiwa na mambo machache yanayojulikana. Mchanga mweusi ukiingia unaziba mawe, kwa hiyo maji yapitie kwanza kwenye nusu pipa au shimo dogo ambapo mchanga unatua, na mtu alisafishe kila mvua kubwa ikipita. Shimo la kumezea liwe mbali na msingi wa nyumba, na mbali zaidi na choo. Lifunikwe, tuna watoto. Na hapa nawasihi sana: lipokee maji ya bati peke yake. Mtu akiunganisha choo au maji ya kufulia katika shimo hilo, amepeleka kinyesi chake ziwani kwa njia ya mkato, na sisi wote tutakinywa. Shefu ana haki ya kufunua mfuniko na kutazama.

Kuna mitaa ambako ushauri huu hautoshi. Upande wa magharibi, Lac Vert, Mugunga, Bulengo, na sehemu za Kyeshero, kuna mazuku. Hewa ile haionekani, ni nzito, inatuama mahali pa chini na kuua mbuzi, mbwa na watu. Kuchimba shimo la mita mbili pale ni kuitengenezea hewa hiyo kitanda. Mashefu wa huko msimruhusu kijana yeyote kushuka shimoni kabla hamjawauliza watu wa Observatoire Volcanologique de Goma, ambao wanajua sehemu zake. Na shimo lililokwisha chimbwa mtu asiingie alfajiri wala usiku, wakati hakuna upepo. Katika mitaa hiyo afadhali matangi juu ya ardhi.

Ngoja niseme juu ya matangi, maana jambo hili linaniuma. Tunanunua maji. Mama anaamka saa kumi kupanga bidoni kwenye kizimba cha maji, au analipa chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo, imletee, au anamtuma mtoto wa shule ziwani. Bomba la REGIDESO, kampuni ya maji ya dola, haliwafikii watu wengi wa Karisimbi, na linapofika halitoi kila siku. Januari 2025, vita vilipokata umeme na maji, mji mzima uliteremka ziwani na bidoni. Halafu mvua inanyesha, bati linamwaga bidoni 75 kwa saa, na sisi tunayaongoza maji hayo kwenye nyumba ya jirani. Bati lile la mita 50, kwa mvua ya mwaka, linapokea lita 60,000. Tukitoa zile zinazoruka na kupotea, moja ya tano, zinabaki bidoni 2,400. Si za kunywa bila kuchemsha au klorini, hasa zile za kwanza zinazoosha vumbi la mlima kwenye bati. Lakini ni za kufua, kuogea, kuosha nyumba, kumwagia maua. Hata pipa moja la lita 200 chini ya pembe ya paa ni bidoni kumi ambazo mtoto hakuzibeba, na ni bidoni kumi ambazo hazikuingia kwa mama wa chini.

Najua mwenye nyumba ya kupangisha atasema hana pesa, na mpangaji atasema si nyumba yake. Yote mawili ni kweli. Lakini likelemba na AVEC, vikundi vyetu vya kuchangiana na kuweka akiba, zimejaa katika kila avenyu. Zimenunua mashine za kushonea, zimelipa karo, zimezika watu. Zungumzeni na akina mama wanaoziongoza, maana wao ndio wanaoinua magodoro. Kila mzunguko mmoja, parsele moja ipate shimo au tangi, kuanzia juu ya mteremko kwenda chini. Nasema kuanzia juu kwa makusudi. Tukianza na nyumba inayofurika tunafanya kazi bure, kwa sababu maji yale hayakutoka kwake. Itakuwa vigumu kumwambia mtu wa juu, ambaye kwake pakavu, atoe jasho kwa ajili ya wa chini. Kwa hilo hasa anahitajika shefu.

Sasa salongo. Jumamosi watu wanatoka na majembe, kanivo zinafunguliwa, na wanaokwepa wanatozwa. Kazi ni nzuri lakini inaachwa nusu. Matope na taka vinavyotolewa hulazwa ukingoni mwa mfereji uleule, virundo virundo, vikikauka. Mvua ya Jumanne inavirudisha vyote ndani. Watu wamechoka na kazi inayozaliwa upya kila wiki, ndiyo maana wanaikwepa, siwezi kuwalaumu. Heri kusafisha nusu ya urefu na kuyaondoa matope kabisa kuliko kusafisha wote na kuyaacha. Chukudu mbili za avenyu zikitoa zamu ya asubuhi moja zinatosha kuyapeleka mahali palipokubaliwa. Mchanga mweusi ukichujwa unajazia mashimo ya njia. Waendesha chukudu walipwe kutokana na faini za salongo, hadharani, na hesabu isomwe mbele ya watu, kwa sababu mahali ambapo faini haijulikani imeingia mfuko gani ndipo salongo inapokufa.

Kuhusu plastiki nitasema kwa ufupi. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza mifuko ya plastiki katika nchi nzima, na bado ndiyo kizibo cha kwanza cha kila kanivo ya Birere na Virunga. Rwanda waliikataza 2008, na anayevuka mpaka akiwa nayo ananyang'anywa hatua chache kutoka kwetu. Hatuwezi kungoja forodha. Shefu anaweza kukubaliana na maduka ya avenyu yake tu yasitoe mifuko hiyo.

Liko jambo ambalo halina mwenyewe, na naogopa litapotea tukiwa tunatazama. Kila mtaa wa Goma una mahali maji yalipokuwa yakiingilia ardhini: ufa mkubwa, pango, bonde dogo la makoro ambalo wazee waliacha wazi. Sasa mahali hapo panageuzwa jalala, panajaa, kisha siku moja panaonekana "kiwanja tupu" na kuuzwa. Anayenunua anajenga juu ya mdomo wa maji. Mvua inayofuata maji yanafika pale kama kawaida, yanakuta ukuta, yanarudi kwenye nyumba ishirini. Nawaomba msishuhudie mauzo ya mahali kama hapo, hata mkiletewa karatasi yenye mihuri mingi. Panapobaki wazi, pasafishwe katika salongo kabla ya mfereji wowote, pazungushiwe mawe, na watoto wafundishwe kwamba pale hapatupwi kitu.

Ili kujua mahali hapo, tuandike. Wapo waliotutangulia: mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Baadaye, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria iliyoanza 2015, wanafunzi na wakaaji wenyewe walitembea mtaa kwa mtaa wakiandika kila mfereji: upana wake, kina chake, umeziba au uko wazi, unaishia wapi. Walitumia simu na ramani za intaneti. Sisi tunaweza kuanza na daftari na kalamu. Mvua ya kwanza ikinyesha, vijana wawili wenye makoti ya mvua watembee avenyu nzima maji yakiwa yanapita, waandike yanatoka bomba la nani, yanageukia wapi, yanasimama wapi, yanaingilia wapi. Kiangazi hakionyeshi chochote; maji yenyewe ndiyo yanayochora.

Daftari hilo litawasaidia pia mbele ya dola, na hapa ndipo natimiza deni la ofisi kubwa. Barabara na mifereji mikubwa ni kazi ya Office des Voiries et Drainage na ya mairie, na hakuna shimo la parsele litakaloondoa wajibu wao. Kila lami inapomwagwa, barabara inainuka, na parsele zilizokuwa sawa na njia zinabaki chini yake. Nimeona mfereji uliojengwa vizuri kwa mawe na saruji ukikomea kwenye ukuta wa mtu, kana kwamba maji nayo yatakoma pale. Injinia akija na mashine zake, shefu mmoja akiuliza "mfereji huu unaishia wapi?" ataambiwa asubiri. Mashefu kumi wa mteremko mmoja wakisimama pamoja na madaftari yao, wakimwonyesha maji yanavyokwenda tangu juu hadi ziwani, ni vigumu kuwapuuza, awe ametumwa na utawala upi.

Ndiyo sababu nimewataja na ninyi wa Munigi na Bukumu. Mpaka kati ya mji na cheferi uko kwenye karatasi. Mvua iliyoanguka kwenu inashuka Majengo na Virunga, na kwenu nako nyumba zinasongamana haraka. Mei 2021 moto wa Nyiragongo ulipita kwenu ukafika karibu na uwanja wa ndege, ukaacha jiwe jipya, na watu tayari wamerudi kujenga juu yake. Hapo bado kuna nafasi ya kupanga kabla mabati hayajafunika kila kitu. Nafasi hiyo sisi wa chini hatuna tena.

Basi naomba Jumamosi moja kabla ya mwisho wa Agosti itolewe kwa jambo hili. Majembe yapumzike. Mashefu wa mteremko mmoja wakutane, wa juu, wa kati na wa chini, wakiwa na wazee wawili wanaokumbuka maji yalikoingilia zamani, mafundi wa kuchimba makoro, na akina mama wa likelemba. Wakubaliane parsele zipi za juu zianze, chukudu zitakwenda wapi, na kijana gani atashika daftari katika kila avenyu. Daftari likiandikwa, nakala moja ibaki kwa shefu, na nyingine apewe shefu wa avenyu ya chini yake, kwa kuwa yeye ndiye anayepokea maji yenu na ana haki ya kujua yanatoka wapi.

Wenu kwa heshima,

Mkaaji wa Katoyi, komini ya Karisimbi